Nguvu ya Theluji Hupimwa kwa Ngumi, kwa Nyundo na kwa Msumeno

Hotuba iliyotolewa Nairobi mbele ya mafundi wa maabara za ujenzi, walimu na wanafunzi wa uhandisi

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu mlioketi mbele, mafundi wa maabara, wanafunzi, mabibi na mabwana. Itifaki zote zikiwa zimezingatiwa, hamjambo nyote.

Niliombwa nizungumze juu ya upimaji wa nguvu, na nimechagua theluji. Najua kwamba karibu kila mtu aliye ukumbini hupima zege, nondo au udongo wa barabara, na kwamba kazi ya kupima theluji haiji katika maabara zetu. Nimeichagua kwa sababu zege hutuvumilia. Ukilipima kwa uzembe kidogo, bado litakupa namba iliyo jirani na ukweli. Theluji haina uvumilivu huo. Mpimaji akibadilisha kasi, au ukubwa wa sampuli, au saa ya siku, au muda aliosubiri kabla ya kupima, namba inaweza kuwa mara mbili ya ile ya kwanza, wakati mwingine hata mara kumi. Kwa hiyo wanaoipima wamelazimika kulikabili swali ambalo sisi hulipita mbio: tunaposema kitu kina nguvu kiasi fulani, nguvu hiyo ni ya kitu chenyewe, au ni jibu la namna tulivyokiuliza?

Tuanze na theluji yenyewe. Ni chembe za barafu pamoja na hewa, na ikianza kuyeyuka huongezeka maji. Ile iliyoanguka usiku bila upepo huwa na densiti ya kilo 50 hadi 100 kwa mita ya ujazo. Ikikaa na kujishindilia kwa uzito wake hufika 200 au 300. Ikipigwa na upepo mkali inaweza kupita 350. Barafu tupu, isiyo na hewa ndani, ni 917. Pigeni hesabu: katika theluji mpya, takriban sehemu tisa kati ya kumi ni hewa, au zaidi. Kinachobeba mzigo ni mtandao mwembamba wa chembe zilizoshikana kwenye shingo ndogo ndogo, kila shingo ikiwa na upana usiofika hata milimita moja. Nguvu yote imo katika shingo hizo. Ndiyo maana theluji mbili zenye densiti moja zinaweza kutofautiana sana: katika moja chembe zimeungana, katika nyingine zimegusana tu.

Kuna jambo la pili linalowashangaza wengi, nalo ni kwamba theluji iko karibu mno na kuyeyuka. Mafundi wa vyuma wanajua jinsi chuma kinavyobadili tabia kadiri moto unavyozidi. Basi theluji ya nyuzi 10 chini ya sifuri iko kwenye kelvini 263, kipimo kinachohesabu joto kuanzia sifuri kabisa, ilhali huyeyuka kwenye 273. Iko kwenye asilimia 96 ya joto lake la kuyeyukia. Chuma kikiwekwa kwenye asilimia hiyo hiyo kingekuwa na joto la zaidi ya nyuzi 1,400 za Selsiasi. Hakuna mhandisi ambaye angekubali kujengea chuma cha namna hiyo, lakini theluji huishi katika hali hiyo tangu inapoanguka mpaka inapoisha. Chembe zake hazitulii hata saa moja. Mvuke hutoka kwenye ncha kali na kuganda kwenye vibonde kati ya chembe na chembe, shingo hunenepa, ncha hupotea. Anayesukuma theluji kando ya barabara asubuhi, akirudi jioni huikuta imeshikana kiasi cha kuhitaji sururu. Hakuna aliyeongeza chochote. Ilivurugwa, chembe zikakaribiana, kisha zikajiunga.

Sasa tuje kwenye kasi, na hapa naomba tukae kidogo.

Ukiiwekea theluji mzigo polepole, hunyumbuka. Katika nchi za baridi, theluji hushuka pole pole juu ya paa, ikatokeza nje ya ukingo na kujikunja kuelekea ukutani bila kukatika. Theluji hiyo hiyo ukiivuta ghafla hukatika mara moja. Mpaka kati ya tabia hizi mbili uko karibu na kasi ambayo kipande hurefuka, kila sekunde, kwa sehemu moja kati ya 10,000 hadi moja kati ya 1,000 ya urefu wake. Chini ya hapo hunyumbuka, juu ya hapo huvunjika, na mara nyingi huvunjika kwa mkazo mdogo kuliko ule ilioweza kuubeba ilipovutwa taratibu. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba theluji fulani ina nguvu ya kilopaskali 10, yaani nguvu kwa kila kipande cha eneo, bila kukwambia aliivuta kwa kasi gani, hajakwambia kitu. Simlaumu kwa kukosa hesabu, maana hesabu yake huenda ni sahihi. Namlaumu kwa kuficha nusu ya jibu.

Ninyi mnaoponda michemraba ya zege mnajua kwamba mashine haipelekwi kwa kasi ya kubahatisha. Viwango vya Ulaya vinataka mzigo uongezwe kwa megapaskali 0.6 kila sekunde, na vinaruhusu tofauti ya 0.2 juu au chini. Mchemraba wa zege la megapaskali 25 hupasuka baada ya sekunde 40 hivi. Fundi mwenye haraka akifungua mafuta ya mashine kupita kiasi, zege lile lile litaonekana lina nguvu zaidi kuliko lilivyo. Sote tunalijua hilo. Ni mara ngapi tumeliona likiandikwa kwenye ripoti inayokwenda kwa mteja? Ripoti huandika tarehe, umri wa zege, siku 7 au 28, na namba. Kasi huachwa kwenye kichwa cha fundi. Katika vipimo vya theluji, ripoti ya namna hiyo hurudishwa.

Nizungumzie vifaa, maana najua mafundi wanavingoja.

Kifaa cha kwanza ni mkono. Mpimaji huchimba shimo hadi chini, akausawazisha ukuta mmoja, akaona matabaka yakiwa yamelala moja juu ya jingine, kila tabaka likiwa limetokana na dhoruba yake au kiangazi chake kifupi. Kisha husukuma. Hujaribu ngumi, isipoingia, hujaribu vidole vinne, visipoingia, kidole kimoja, kisha ncha ya penseli, kisha kisu. Kile kikubwa kuliko vyote kinachoingia ndicho kinachoandikwa kuwa ugumu wa tabaka hilo. Msukumo unatakiwa uwe mwepesi na usiobadilika, nyutoni 10 hadi 15, yaani kama uzito wa mfuko wa kilo moja au moja na nusu. Kipimo hiki kimo katika uainishaji wa kimataifa wa theluji ya ardhini uliochapishwa na UNESCO mwaka 2009, na hutumiwa kila siku milimani.

Wapo wanaokidharau kwa sababu hakina umeme wala skrini. Mimi nakiheshimu, na nataka wanafunzi wanisikie vizuri. Mkono hautoi namba nzuri, hilo ni kweli. Mikono ya watu wawili haifanani, na glavu nene hubadilisha mambo. Lakini mkono hupita kila tabaka, moja baada ya jingine, na humlazimisha mpimaji kuangalia. Mtu aliyepitisha vidole vyake kutoka juu hadi chini anajua mahali pagumu palipokaa juu ya palipo laini, na huko ndiko hatari ya maporomoko ya theluji ilipo. Kifaa ghali kinachokupa wastani wa shimo zima kinaweza kukunyima habari hiyo moja uliyoihitaji.

Na kabla ya wahandisi wote, Wainuiti wa Aktiki walikuwa na kifaa chao. Waliotaka kujenga nyumba ya theluji walichomeka fimbo nyembamba chini wakitafuta theluji iliyoshindiliwa na upepo, ile ambayo fimbo inaingia kwa ukinzani uleule mwanzo hadi mwisho. Fimbo ikipwaya ghafla, hapo pana tabaka laini, na tofali litakatika. Walihama wakajaribu mahali pengine. Hicho ni kipimo cha ukinzani wa kupenya, hakina upungufu wowote wa kifikra.

Katika miaka ya 1930, Mswisi Robert Haefeli, mhandisi aliyetokea kwenye mekanika ya udongo, aliunda kifaa ambacho ninyi mtakitambua mara moja. Ni bomba la chuma lenye koni mwishoni, koni ya nyuzi 60 na kipenyo cha milimita 40. Juu yake pana nyundo ya kilo moja inayoinuliwa na kuachiwa. Unahesabu mapigo na kusoma koni imezama kiasi gani. Sasa fikirieni DCP yetu, koni inayogongwa ardhini kwa nyundo, ile tunayoibeba kwenye gari kwenda kupima barabara za changarawe na udongo mweusi wa huku kwetu. Koni yake pia ni ya nyuzi 60, kipenyo milimita 20, na nyundo ni ya kilo 8 inayoanguka milimita 575. Hao ni ndugu wa ukoo mmoja. Pigo moja la DCP lina nishati ya juli 45 hivi. Nyundo ya kilo moja ikiachiwa kutoka sentimita 20 juu ya theluji hutoa juli 2. Tofauti ya juli hizo ndiyo tofauti ya mtu anayepima tuta la barabara na mtu anayepima kitu ambacho kidole kinaweza kukitoboa.

Udhaifu wa nyundo ya Haefeli unatokana na ukubwa wake. Koni ya milimita 40 haiwezi kuona tabaka lenye unene wa milimita 5, hulipita likiwa limechanganyika na majirani zake. Na matabaka yanayoua watu mara nyingi ni ya unene huo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Martin Schneebeli wa Davos, Uswisi, na Jerome Johnson wa Marekani walileta jawabu: kifaa kinachosukumwa na mota kwa mwendo wa milimita 20 kila sekunde, chenye ncha ya milimita 5, kinachosoma nguvu takriban mara 250 katika kila milimita moja. Dakika moja inatosha kupenya zaidi ya mita moja. Mchoro wake una meno madogo madogo, na kila jino ni kundi la shingo lililokatika mbele ya ncha. Mota imeondoa kubahatisha kwa mkono, lakini tazameni pia kwamba imeshikilia kasi moja. Walioiunda walijua kwamba wangeacha kasi itangetange, meno yale yasingekuwa na maana.

Nimetaja matabaka yanayoua. Sasa nieleze yanavyozaliwa, kwa sababu bila hilo vipimo vinavyofuata havieleweki.

Wakulima wa Limuru na Kinangop wanaifahamu sakitu. Usiku mkavu, mbingu zi wazi, hakuna upepo, joto la ardhi linapaa angani, na asubuhi majani ya chai na viazi yamefunikwa weupe kisha yanaungua. Juu ya theluji hutokea jambo hilo hilo. Fuwele nzuri, bapa, zinachipuka usoni na kusimama wima. Siku ya pili dhoruba inakuja na kuzifunika. Zimebaki zimesimama chini ya bamba la theluji mpya, zikilibeba kwa miguu myembamba, na zinaweza kukaa hivyo kwa majuma. Aina nyingine huzaliwa chini kabisa. Ardhi chini ya theluji huwa karibu na sifuri, uso wa juu unaweza kuwa nyuzi 20 chini ya sifuri, na tofauti ikizidi nyuzi 10 hivi kwa kila mita, mvuke hupanda kwa kasi na kuzigeuza chembe kuwa kubwa, zenye kona kali, zisizoshikana. Watelezaji, wale wanaoshuka milima kwa mbao za kutelezea, huiita theluji ya sukari, na ukiitia kiganjani humwagika kati ya vidole.

Nguvu ya tabaka kama hilo hupimwaje? Njia ya zamani ni fremu ya chuma, mara nyingi ya sentimita mraba 250. Unaondoa theluji ya juu mpaka ubakize kidogo juu ya tabaka dhaifu, unaibonyeza fremu iingie, unaifunga kipima nguvu, kisha unaivuta sambamba na tabaka mpaka ikatike. Lazima uvute upesi, ndani ya sekunde moja, ili theluji ivunjike badala ya kunyumbuka. Namba unayoipata huwa ni kilopaskali moja hivi, wakati mwingine chini ya hapo. Zege la megapaskali 25 ni kilopaskali 25,000. Ingawa kuponda na kuvuta kando si mtihani mmoja, mnaona tunazungumzia kitu cha namna gani.

Tufanye hesabu ya mlima. Bamba la theluji lina unene wa sentimita 50, densiti 200, mteremko wa nyuzi 38, na maporomoko mengi ya mabamba huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Kila mita mraba ya bamba ina kilo 100. Sehemu ya uzito huo inayovuta kuelekea chini ni nyutoni 600 hivi, yaani kilopaskali 0.6. Tabaka lina nguvu ya kilopaskali 1. Gawanya, unapata 1.6 au zaidi kidogo. Mhandisi wa kuta za kuzuia udongo angesema pana usalama wa kutosha, angefunga daftari.

Lakini miteremko yenye hesabu nzuri kama hiyo huporomoka na kuzika watu, na wapimaji wa theluji waliliona hilo wakalikubali. Katika milima ya Alpi watu wapatao 100 hufa kila mwaka kwa maporomoko ya theluji. Mwezi Februari 1999, poromoko moja liliingia kijiji cha Galtür huko Austria na kuua watu 31. Basi tatizo la ile 1.6 liko wapi?

La kwanza ni ukubwa. Fremu ndogo hutoa nguvu kubwa kuliko fremu kubwa, kwa sababu eneo dogo lina nafasi ndogo ya kukutana na kasoro. Tangu zamani watumiaji wa fremu ya sentimita mraba 250 huzidisha matokeo yao kwa 0.65 ili kukaribia nguvu ya eneo pana. Mkizidisha ile kilopaskali moja, ile 1.6 inashuka hadi karibu 1.1. Mtelezaji mmoja akipita juu, uzito wake unamaliza kilichobaki.

La pili ni zito zaidi, na mimi nadhani ndiyo fikra bora kuliko zote katika fani hii. Mteremko hauporomoki kwa sababu tabaka lote limeshindwa kwa pamoja. Linashindwa mahali padogo, ufa unazaliwa, na kinachofuata ni swali jingine kabisa: ufa huo utakimbia au utasimama? Nguvu ya wastani haijibu swali hilo. Kwa hiyo wapimaji walianza kuiuliza theluji kwa njia mpya. Walikuwa na kipimo cha mnara wa sentimita 30 kwa 30, unawekewa sepetu juu na kupigwa kwa kiganja, mapigo 10 kwa kifundo cha mkono, 10 kwa kiwiko, 10 kwa bega, na unaandika pigo la ngapi limevunja. Kilikuwa kikisema ufa unaanza lini. Mwaka 2006 Ron Simenhois na Karl Birkeland wakakirefusha kiwe na upana wa sentimita 90, wakawa wanapiga upande mmoja tu na kuangalia kama ufa unafika upande wa pili. Badiliko dogo, swali jipya. Wakati uo huo huko Kanada walianza kutumia msumeno: wanakata kipande kirefu cha theluji, kisha wanaukokota msumeno ndani ya tabaka dhaifu mpaka, ghafla, ufa unautangulia msumeno na kukimbia wenyewe. Wanapima urefu waliokuwa wameshakata. Hiyo sentimita 20 au 40 ndiyo namba yao. Haipimwi kwa paskali, lakini inasema juu ya mteremko mambo ambayo paskali hazikuyasema.

Watu wa milimani waliyajua haya kwa masikio. Mtu hukanyaga uwanda tambarare uliofunikwa theluji, anasikia mgurumo mfupi chini yake, na theluji nzima inashuka kidogo. Hapakuwa na mteremko, kwa hiyo hakuna kilichoteleza. Tabaka dhaifu limebomoka na ubomokaji huo umekimbia mbali naye. Mwaka 2000 watafiti wa Kanada waliupima mwendo wa tukio kama hilo wakapata mita 20 hivi kwa sekunde. Mwaka 2008 Joachim Heierli na wenzake walieleza kwa hesabu jinsi kubomoka kwa tabaka kunavyotoa nishati ya kuusukuma ufa hata mahali tambarare. Na mwaka 2022 kundi jingine lilionyesha kwamba kwenye mteremko mkali ufa unaweza kuongeza mwendo ukapita mita 100 kwa sekunde.

Theluji pia inaweza kubeba. Karibu na kituo cha McMurdo, Antaktika, kuna uwanja wa ndege wa Phoenix uliofunguliwa mwaka 2017. Njia yake ya kurukia ni theluji iliyoshindiliwa, na hutua ndege za magurudumu aina ya C-17, ambazo zikijazwa zinaweza kupita tani 200. Walishindilia kwa matabaka, wakaacha theluji ijiunge, wakashindilia tena, kisha wakapitisha mzigo mzito wa magurudumu juu yake kuijaribu kabla ya ndege. Wahandisi wa barabara mlio hapa, hiyo ni kazi yenu, isipokuwa muda wa kusubiri unatawaliwa na baridi.

Sasa turudi nyumbani. Kutoka Nairobi, asubuhi isiyo na mawingu, Mlima Kenya unaonekana. Batian, kilele chake cha juu kabisa, ni mita 5,199, na kilele cha Lenana, wanakofika watembezi wengi, ni 4,985. Theluji ya pale haina majira ya baridi ya miezi kadhaa. Mchana jua la ikweta huiyeyusha uso, usiku huganda. Chembe huwa kubwa na za duara, na nguvu yake hupanda na kushuka mara moja kila baada ya saa 24. Waongozaji huwaamsha wageni saa nane au saa tisa usiku. Wengi hudhani ni kwa ajili ya kuwahi macheo, na ni kweli, lakini saa hizo theluji iliyolowa mchana uliopita imeganda na inashika mguu. Ukiipima saa kumi na mbili asubuhi penseli haiingii kwa urahisi. Ipime saa nane mchana, ngumi inaingia. Theluji ni hiyo hiyo, mahali ni hapo hapo. Ripoti isiyotaja saa ingemdanganya msomaji.

Chini ya Lenana kuna mto wa barafu wa Lewis, mmoja wa mito ya barafu ya tropiki iliyochunguzwa kwa muda mrefu kuliko mingine. Stefan Hastenrath na wenzake walianza kuandika mizani yake ya kila mwaka, yaani barafu inayoongezeka ikilinganishwa na inayopotea, mwishoni mwa miaka ya 1970, wakichimba mashimo na kupima densiti kama nilivyoeleza. Kati ya 1934 na 2010 ulipoteza zaidi ya robo tatu ya eneo lake, na umeendelea kupungua. Wanafunzi, nawaambia kwa uchungu: kama mnataka kupima theluji na barafu ya Kenya kwa mikono yenu, msisubiri shahada ya pili. Mlima uko mwendo wa nusu siku kutoka hapa. Densiti inapimwa kwa bomba na mizani, ugumu kwa vidole vyenu, joto kwa kipimajoto. Mnachohitaji zaidi ni mwongozaji mzuri, nguo za baridi na daftari.

Lakini sikuja kuwatuma wote mlimani. Mwezi Novemba 2019 ardhi iliporomoka Pokot Magharibi usiku wa mvua kubwa na kuua watu zaidi ya 40. Miteremko yetu ya udongo, kule na Murang'a na kwenye kuta za Bonde la Ufa, nayo ina matabaka. Nayo hulowa na kukauka. Nayo huanza kushindwa mahali padogo. Na sisi tunachukua sampuli chache, tunazipima kwa kasi inayotufaa, tunatoa wastani, tunaandika namba moja. Waliopima theluji walikataa wastani kwa sababu wenzao walikufa chini ya wastani mzuri. Wakaanza kuandika tabaka dhaifu kuliko yote, unene wake, limelala wapi, na limepimwa saa ngapi.

Kwa hiyo ninaomba jambo ambalo maabara yoyote inaweza kulifanya Jumatatu bila kununua chochote. Fomu zenu za matokeo ziongezewe nafasi ya kuandika kasi ya kupakia mzigo, ukubwa wa sampuli kama ulivyopimwa siku hiyo, na muda uliopita tangu sampuli ilipotolewa mahali pake. Na mnapopiga DCP, andikeni kila pigo. Msimwandikie mhandisi wastani wa mita nzima, mpeni mchoro wote, aone mahali koni ilipozama ghafla.

DCP moja tumeiweka nje, kando ya maegesho, pale penye udongo mweusi. Baada ya maswali tutatoka, na ningependa apige mwanafunzi ambaye hajawahi kuishika, huku mwenzake akiandika pigo moja moja.

Asanteni sana. Karibuni maswali.